Jinsi ya kutumia peptidi kufikisha DNA na RNA ndani ya seli

DNA na RNA zimejaa chaji hasi, na uso wa seli nao una chaji hasi. Ukizimwagia seli plazimidi tupu (kipande cha DNA cha mviringo kinachobeba jeni), karibu yote hubaki nje. Ukizimwagia RNA tupu mbele ya seramu, vimeng'enya huikatakata kabla haijafika popote. Peptidi, yaani mnyororo mfupi wa asidi amino, ikiwa na chaji chanya nyingi huikamata asidi nukleiki (jina la pamoja la DNA na RNA), huikunja iwe chembe yenye upana wa nanomita kadhaa kumi au mia moja hivi, huikinga isiliwe, kisha huinasisha kwenye uso wa seli mpaka seli yenyewe iimeze.

Wengi hudhani kazi imeishia hapo. Chembe iliyomezwa imo ndani ya endosomu, kifuko chenye utando wake, na kifuko hicho kinaelekea kwenye lisosomu ambako kila kitu husagwa. Kuingia si kufika. siRNA (RNA fupi inayozima jeni) na mRNA (RNA inayobeba maelekezo ya kutengeneza protini) hufanyia kazi kwenye saitoplazimu, na plazimidi lazima ifike hadi kwenye kiini. Kwa hiyo majaribio mengi ya peptidi huharibika sehemu mbili: kwenye hesabu ya peptidi kabla ya kuchanganya, na kwenye kutoka endosomu baada ya kuingia. Tutakaa zaidi kwenye hizo mbili.

Maelezo haya ni ya seli zinazokuzwa maabara. Peptidi ya daraja la utafiti haijasafishwa wala kukaguliwa kwa ajili ya mwili wa binadamu. Isidungwe kwa mtu yeyote.

Chagua peptidi kwa kuangalia mzigo

Mwaka 1988 maabara mbili zilionyesha kuwa protini ya TAT ya virusi vya UKIMWI huingia ndani ya seli yenyewe bila kusaidiwa. Baadaye ikapatikana penetratini, kipande cha asidi amino 16 kutoka protini ya nzi wa matunda iitwayo Antennapedia. Hizi mbili, pamoja na mnyororo wa arijinini nane (arijinini ni asidi amino yenye chaji chanya), ndizo zinazojulikana zaidi, na ndizo ambazo mtu huzikimbilia kwanza. Kwa kubeba plazimidi au siRNA kwa kuchanganya tu, si chaguo zuri. Zinaingia vizuri, lakini zinatoka endosomu kwa shida.

Unachotaka ni peptidi inayobadilika pH inaposhuka. Nje ya seli pH ni takriban 7.4, ndani ya endosomu changa hushuka hadi 6 na ushei, kwenye lisosomu hufika 4.5 hadi 5. Peptidi yenye histidini hupata chaji zaidi katika mteremko huo, kwa sababu histidini hupokea protoni karibu na pH 6. Peptidi ambayo upande wake mmoja unapenda maji na mwingine unapenda mafuta hujikunja kuwa msokoto na kuutoboa utando wa endosomu. Peptidi ziitwazo LAH4 na RALA ziliundwa kwa mantiki hiyo. Hapa tutatumia RALA kama mfano wa hesabu, kwa kuwa ni fupi na ina triptofani inayorahisisha kuipima. Mfuatano wake, herufi moja kwa kila asidi amino, ni huu:

WEARLARALARALARHLARALARALRACEA

Asidi amino 30, arijinini 7, uzito wa molekuli takriban 3328.

Kuna mzigo mmoja usioingia kwenye utaratibu huu: mofolino, yaani PMO, mnyororo wa kutengenezwa unaofanana na asidi nukleiki. Uti wake hauna chaji, kwa hiyo peptidi haina cha kushika. Mofolino lazima iunganishwe na peptidi kwa kifungo cha kemikali. Na ukitaka kufanya hivyo kwa oligo (mnyororo mfupi wa DNA au RNA) yenye chaji hasi, tegemea mashapo meupe dakika hiyohiyo, kwa sababu pande mbili zinanatana kabla hazijaungana. Muunganiko huo hufanywa kwenye formamaidi au yurea nyingi ili kuzuia mnato huo. Hiyo ni kazi ya mkemia, na haimo kwenye hatua zinazofuata.

Uzito ulioandikwa kwenye chupa si uzito wa peptidi

Hapa ndipo tungependa usome taratibu.

Peptidi iliyosafishwa kwa njia ya kawaida huja ikiwa chumvi ya TFA, asidi inayotumika kwenye usafishaji. Kila sehemu yenye chaji chanya imeshikana na molekuli moja ya TFA yenye uzito wa 114. RALA ina arijinini 7, histidini 1 na mwanzo wa mnyororo 1, jumla 9. Zidisha 9 kwa 114 upate 1026. Maana yake kila 4354 unazopima kwenye mizani, peptidi halisi ni 3328, sawa na asilimia 76, na hapo bado hatujatoa maji ambayo unga umefyonza. Ukipima miligramu 10 ukadhani una 10, una 7.6 kwa bahati nzuri. Uwiano wa peptidi kwa asidi nukleiki unaodhani ni 10 unakuwa chini ya 8, na jaribio la mwezi ujao, kwa chupa nyingine yenye maji zaidi, litatoa jibu jingine. Watu hulaumu seli.

Dawa yake ni kupima kwa mwanga. RALA ina triptofani moja, ambayo hufyonza mwanga wa nanomita 280 kwa kiwango cha takriban 5500 kwa mola kwa sentimita. Myeyusho wenye miligramu 1 ya RALA halisi kwa mililita utasoma 1.65 kwenye kivete ya sentimita 1. Ukisoma 1.24, una miligramu 0.75. Andika namba hiyo kwenye mrija, usiandike ile ya mizani. Kama peptidi yako haina triptofani wala tairosini, kama mnyororo wa arijinini tupu, mwombe mtengenezaji kipimo cha asidi amino kinachotaja kiasi cha peptidi halisi. Asilimia ya usafi kutoka kwenye HPLC, mashine ya kutenganisha kemikali, haikuambii hilo: peptidi inaweza kuwa safi kwa asilimia 98 na bado robo ya unga ikawa TFA na maji.

Yeyusha kwenye maji yasiyo na nukliezi (vimeng'enya vinavyokata DNA na RNA), gawanya kwenye mirija midogo ya plastiki isiyonata protini, hifadhi kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri au baridi zaidi, na mrija ukishayeyuka usiurudishe. Epuka kioo: peptidi chanya hunata kwenye kioo na kiasi chako hupungua kimyakimya. RALA ina sisteini karibu na mwisho, na sisteini mbili zikikutana mbele ya oksijeni peptidi huungana mbilimbili. Hii ni sababu nyingine ya kugawanya mapema badala ya kufungua mrija mmoja kila wiki.

Hesabu ya N/P

N/P ni uwiano wa chaji za peptidi kwa chaji za asidi nukleiki. N ni idadi ya chaji chanya za peptidi zinazohesabika, kwa RALA arijinini 7 tu. P ni idadi ya fosfeti za asidi nukleiki. Kwa DNA, kila nukliotidi moja, yenye fosfeti moja, ina uzito wa wastani wa 330.

Chukua kisima kimoja cha sahani ya visima 24, na maikrogramu 0.5 ya plazimidi. Nanogramu 500 ukigawa kwa 330 ni nanomoli 1.52 za fosfeti. Kwa N/P 10 unahitaji nanomoli 15.2 za chaji chanya. Gawa kwa 7 upate nanomoli 2.16 za peptidi; zidisha kwa 3.328 upate maikrogramu 7.2. Kwa njia ya mkato, kila hatua moja ya N/P ni maikrogramu 0.72 za RALA kwa kisima hicho. N/P 4 ni 2.9, 6 ni 4.3, 8 ni 5.8, 12 ni 8.6.

Kwa siRNA, hesabu kwa moli. siRNA ya kawaida ina nyuzi mbili za nukliotidi 21, na kila uzi una fosfeti 20, jumla 40. Pikomoli 20 za siRNA ni pikomoli 800 za fosfeti. Kwa N/P 10 ni pikomoli 8000 za chaji, peptidi pikomoli 1143, yaani maikrogramu 3.8. Katika mikrolita 500 za kioevu, siRNA hiyo inakuwa nanomola 40, ambayo ni mahali pazuri pa kuanzia.

Usichague N/P kwa kusoma makala ya mwingine. Jaribu 2, 4, 6, 8, 10 na 12 kwa mzigo wako mwenyewe, kwanza kwenye jeli, kisha kwenye seli.

Kuchanganya

1. Punguza asidi nukleiki kwenye maji yasiyo na nukliezi: plazimidi maikrogramu 0.5 ndani ya mikrolita 25. Usizidishe mkusanyiko, kwani DNA nzito hutoa chembe kubwa zinazoungana. Plazimidi iwe imesafishwa kwa vifaa vinavyoondoa endotoksini (sumu ya bakteria), na uwiano wa mwanga unaofyonzwa kwenye nanomita 260 kwa ule wa 280 uwe kati ya 1.8 na 2.0.

2. Punguza peptidi kwenye maji kufikia mikrolita 25: ikiwa una maikrogramu 1 kwa mikrolita, hiyo ni mikrolita 7.2 za peptidi na 17.8 za maji.

3. Mimina peptidi yote kwa mkupuo mmoja ndani ya asidi nukleiki, na changanya papo hapo kwa kuvuta na kusukuma pipeti mara tano au sita. Usidondoshe tone moja moja. Ukidondosha, mchanganyiko unapita polepole kwenye N/P ya 2 au 3, ambapo chaji zinakaribia kulingana, hakuna kinachozisukuma chembe mbali, na zinashikana. Zikishashikana, peptidi utakayoongeza baadaye haizitenganishi.

4. Acha dakika 30 kwenye joto la chumba. Tumia ndani ya saa moja.

Bafa ya PBS, maji yenye chumvi ya fosfeti, isitumike hatua hii. Chumvi hufunika chaji na chembe hukua mbele ya macho yako. Kama ujazo wa mchanganyiko utazidi sehemu ya kumi ya kioevu cha kisima, andaa kwa glukosi ya asilimia 5 badala ya maji, ili seli zisivimbe. Glukosi haina ioni, haiathiri chembe.

Kama unafanya visima vingi, changanya kundi zima pamoja kisha ugawe. Mchanganyiko wa visima vinane uliofanywa mara moja unalingana kuliko michanganyiko minane midogo. Ila ujazo ukibadilika sana, kasi ya kuchanganya hubadilika na ukubwa wa chembe pia. Ukiongeza mara kumi, pima upya.

Kagua kabla ya kugusa seli

Jeli, ambapo umeme huvuta asidi nukleiki kutoka kwenye kitundu, ndiyo kipimo cha bei nafuu na chenye kusema mengi. Tumia agarosi ya asilimia 1 kwa plazimidi, 2 kwa siRNA. Pakia nanogramu 200 hivi kwa kila N/P, pamoja na asidi nukleiki tupu, na uendeshe kwa volti 80. Asidi nukleiki iliyoshikwa hubaki kwenye kitundu. Iliyo huru hukimbia.

Kuna mtego hapa. Baadhi ya rangi za kupakia zinazouzwa tayari zina SDS, aina ya sabuni, na SDS huivunja chembe ndani ya kitundu: jeli itaonyesha DNA huru hata kwenye N/P 12, nawe utaanza kuilaumu peptidi. Tumia gliseroli tu. Mtego wa pili ni kinyume chake. Kwenye N/P kubwa kitundu huonekana cheusi, hakuna mng'ao wowote, kama kwamba hukupakia kitu. DNA imo, imekunjwa kiasi kwamba rangi haipati pa kuingia. Ili kuthibitisha, chukua sehemu ya mchanganyiko uleule, ongeza hepirini (sukari ndefu yenye chaji hasi nyingi) au SDS, na uipakie pembeni. Bendi ikirudi mahali pake, mambo ni sawa.

Jaribio hilohilo linajibu swali la ulinzi. Weka chembe na seramu ya asilimia 10 kwa saa moja hadi nne kwenye nyuzi 37, kisha zivunje kwa SDS na uendeshe jeli. Asidi nukleiki tupu iliyopitia njia hiyo itakuwa imechakaa au haipo. Iliyofungwa iwe bado mzima.

Ukiwa na kifaa cha mtawanyiko wa mwanga, tafuta ukubwa chini ya nanomita 150 na chaji ya uso, potenshali ya zeta, ya milivolti chanya 15 hadi 30. Angalia pia kipimo cha mtawanyiko wa ukubwa, PDI: chini ya 0.3 ni nzuri, juu ya 0.5 namba ya wastani haina maana. Pima kwenye maji, kisha pima tena baada ya kuongeza kioevu cha kukuzia seli, kwa sababu hicho ndicho seli zitakachokutana nacho. Chembe ya nanomita 80 kwenye maji inaweza kuwa 600 dakika kumi baada ya kukutana na chumvi.

Kwenye seli

Siku moja kabla, panda seli ili asubuhi ziwe zimefunika asilimia 60 hadi 80 ya kisima. Kwa HEK293, seli za binadamu zinazotumika sana maabara, kwenye sahani ya visima 24 hiyo ni takriban seli 80,000 hadi 100,000. Seli chache mno hufa upesi. Seli zilizojaa hadi ukingoni zimeacha kugawanyika, na plazimidi hupata nafasi nzuri ya kuingia kwenye kiini wakati seli inapogawanyika. Kwa mRNA na siRNA hilo halina uzito mkubwa, na ndiyo sababu seli zisizogawanyika, kama nyuroni, ni afadhali zipewe mRNA.

Ondoa kioevu cha zamani, weka mikrolita 450 za kioevu kisicho na seramu, kama Opti-MEM, ongeza mikrolita 50 za mchanganyiko tone kwa tone kuzunguka kisima chote, na urudishe kwenye kiatamishi. Baada ya saa 4 hadi 6, badilisha na kioevu kamili chenye seramu.

Visima vya kulinganishia visikosekane: seli zisizoguswa, asidi nukleiki tupu, peptidi peke yake kwa kiasi kilekile, peptidi na siRNA isiyolenga jeni yoyote, na kisambazaji cha lipidi unachokiamini, mfano Lipofectamine 2000. Kile cha peptidi peke yake hupuuzwa mno. Kinakuonyesha kama kushuka kwa protini kumetokana na siRNA au na seli kuumizwa na peptidi.

mRNA husomeka kuanzia saa chache hadi saa 24, protini ya plazimidi saa 24 hadi 48. Kwa siRNA pima mRNA lengwa kwa qPCR (njia ya kuhesabu nakala zake) kwenye saa 24 hadi 48, na protini kwenye saa 48 hadi 72. Protini inayodumu muda mrefu itachelewa kushuka hata kama siRNA imefanya kazi yake yote. Pima madhara mara mbili: LDH, kimeng'enya kinachovuja utando ukitoboka, ndani ya saa chache za mwanzo, maana peptidi hutoboa utando mapema, na MTT, kipimo cha seli zilizo hai, baada ya saa 24.

Mng'ao unaodanganya

Kupaka rangi peptidi au RNA na kutazama seli ziking'aa ni jaribio linalopendwa kuliko yote, na ndilo linalopotosha kuliko yote. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilibainika kuwa kukausha seli kwa formaldehaidi au methanoli, yaani kuziua na kuzigandisha kwa kemikali kabla ya kuzitazama, huivunja mipaka ya ndani ya seli na kuziacha peptidi zilizonata nje zimiminike hadi kwenye kiini. Picha nyingi nzuri za peptidi kwenye kiini zilitokana na hilo. Tazama seli hai, zisizokaushwa. Kabla ya kupima mng'ao kwa mashine ya kuhesabu seli, zioshe kwa hepirini kisha trypsini, ili kuondoa kilichonata kwa nje, na uongeze rangi ya seli zilizokufa, kwa kuwa seli iliyokufa hupokea kila kitu.

Hata hapo, mng'ao wa nukta nukta ndani ya seli unamaanisha endosomu. Mng'ao uliotapakaa ndio dalili ya kutoroka. Na hakuna picha inayoshinda kipimo cha kazi yenyewe: luciferase (protini ya kipimo inayotoa mwanga) imetengenezwa kiasi gani, mRNA lengwa imeshuka kiasi gani.

Yakienda kombo

Seli zinang'aa kwa nukta lakini jeni haifanyi kazi. Rudia ukiongeza dawa ya klorokwini maikromola 100 kwa saa 4 za mwanzo. Klorokwini huvimbisha na kulegeza endosomu. Kazi ikipanda sana, mzigo ulikuwa umenaswa humo, na unahitaji peptidi yenye histidini zaidi. Isipopanda, tatizo liko kwingine, na mara nyingi ni chembe kubana mno isiachie mzigo: shusha N/P. Kwa kinyume, kemikali ya bafilomaisini A1 huzuia endosomu isichachuke. Ikiua kazi yote, peptidi yako kweli inategemea pH.

Mchanganyiko umekuwa wa maziwa. Kuna chumvi, DNA ni nzito mno, au uko karibu na chaji sawa. Utupe, usiuokoe kwa kuzungusha.

Seli zinajikunja na kung'oka ndani ya saa moja. Ni peptidi huru. Kwenye N/P kubwa sehemu kubwa ya peptidi haijashika chochote, inaelea na kutoboa tando. Shusha N/P kabla ya kushusha mzigo. Kama hata N/P 6 inaua, angalia TFA: omba peptidi iliyobadilishwa kuwa chumvi ya asetati au kloridi.

Ilifanya kazi mwezi uliopita, sasa haifanyi. Pima tena peptidi kwa nanomita 280, angalia kama imeungana mbilimbili, kagua mycoplasma (bakteria wadogo wanaochafua seli), na utazame seli zimepandwa mara ngapi tangu zitoke kwenye nitrojeni ya kuhifadhia. Kwa mpangilio huohuo.

Inafanya kazi bila seramu, na seramu ikiwepo inakufa. Protini za seramu zina chaji hasi na hujivika juu ya chembe. Kwa kazi ya sahani unaweza kuishi na hilo. Kama nia yako ni wanyama, usiendelee mpaka utatue, ama kwa kuongeza PEG, mnyororo unaopenda maji, juu ya peptidi, ama kwa kubadilisha peptidi. Chembe inayonata ikiingia kwenye mshipa hukwama kwenye mishipa midogo ya mapafu, na kiasi kikubwa cha kilichobaki huishia kwenye ini.

Ukihitaji kuhifadhi chembe zilizoandaliwa, zikaushe kwa kugandisha pamoja na trehalosi (aina ya sukari) ya asilimia 5 hadi 10, ambayo huzuia chembe zisigandamane maji yanapotoka. Zirudishie maji kwa ujazo uleule wa mwanzo, subiri dakika chache bila kutikisa kwa nguvu, na upime ukubwa tena kabla ya kuzitumia. Zikirudi zikiwa zimekua zaidi ya mara mbili, ongeza trehalosi kwenye kundi lijalo.